Mbao, Kitambaa na Kamba ya Mpira: Glaida Zilizowafunza Makadeti wa Anga

Hotuba kwa wazazi na vijana wa jumuiya ya Waswahili, Uingereza

Mheshimiwa Mwenyekiti, wazee wangu, kina mama, na nyinyi vijana mliokuja na sare zenu za kadeti mkajibanza pale nyuma: assalaam aleikum, na habari za jioni kwenu nyote.

Niliombwa nije kuzungumza kuhusu ndege za kivita za zamani. Nikamjibu Mwenyekiti kwamba za kivita sizijui, ninazozijua ni glaida, zile ambazo hata injini hazina. Akasema haidhuru, njoo na hizo hizo. Basi aliyekuja kusikia habari za Spitfire atanisamehe, na chai iko pale mezani.

Nianze na iliyo duni kuliko zote. Jina lake Grasshopper, na kiwanda cha Slingsby cha Yorkshire kilianza kuitengeneza mwaka 1952. Zilitoka zaidi ya mia moja, zikagawiwa shule za sekondari zilizokuwa na vikosi vya makadeti, yaani vijana wa mafunzo ya kijeshi. Ukiiona leo kwenye jumba la makumbusho utadhani mafundi wamekwenda kula na kazi hawajaimaliza. Mwili haina. Kuna boriti ya mbao, juu ya boriti kuna kiti, juu ya kiti kuna bawa, na nyuma kuna fremu tupu iliyokazwa kwa nyaya ili ishike mkia. Rubani anakaa mbele ya vyote hivyo. Kioo hakuna, ukuta hakuna, na ukitazama kati ya magoti yako unaona nyasi.

Namna ya kuirusha ndiyo iliyowachekesha wapita njia. Mkia unafungwa ardhini. Puani inashikizwa kamba nene ya mpira, inatandazwa kwa umbo la V, na kila upande wanapangwa vijana. Mwalimu anaamrisha watembee. Wanatembea, kamba inanyooka. Anaamrisha wakimbie. Wanakimbia mpaka mpira unakataa kuvutika zaidi, nyuso zimewaiva, na hapo mkia unafyatuliwa. Mwenzao aliye kitini anapaa futi chache juu ya uwanja wa michezo wa shule, kwa sekunde chache, kisha anakaa tena kwenye nyasi. Halafu kundi zima linaikokota mpaka pale ilipoanzia, na anapanda mwingine. Siku zenye upepo wa kutosha hawakuirusha kabisa: waliiweka juu ya mhimili wa miguu mitatu, pua ikatazama upepo, na kijana akakaa kitini akajifunza kusawazisha mabawa bila kwenda popote.

Mtu mzima akiona hivyo atauliza, sasa hapo mtoto amejifunza nini? Nitafika huko. Kwanza tujue chombo hiki kilitoka wapi, maana Waingereza hawakukibuni wao.

Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Mkataba wa Versailles wa 1919 uliibana Ujerumani katika mambo ya ndege za injini. Vijana wa huko wakageukia milima. Kuanzia 1920 walikusanyika wakati wa kiangazi kwenye mlima wa Wasserkuppe na vyombo vya mbao walivyoviunda wenyewe, na kutoka katika harakati hizo, katikati ya muongo ule, kikazaliwa kitu kilichoitwa Zögling, yaani mwanagenzi, kazi ya mbunifu Alexander Lippisch. Boriti, kiti, bawa, mkia. Grasshopper ya 1952 ni mjukuu wake wa moja kwa moja. Fikirini hilo: vita viwili vimepita katikati, Waingereza na Wajerumani wameuana kwa mamilioni, na mtoto wa Kiingereza bado anakalia ubao wa Kijerumani kujifunza kuruka.

Uingereza yenyewe iliamka mwishoni mwa miaka ya 1920. Chama cha glaida cha nchi, British Gliding Association, kiliundwa 1929, na mwaka uliofuata Robert Kronfeld kutoka Austria akaja kuwaonyesha watu namna glaida inavyoweza kukaa hewani ikitegemea upepo unaopanda vilima. Miongoni mwa walioambukizwa homa ile alikuwa Fred Slingsby, aliyekuwa na kiwanda cha mbao na samani Scarborough. Huyu hakuwa mgeni wa anga. Katika Vita vya Kwanza alikuwa mpiga bunduki wa ndege. Rubani wake alipouawa wakiwa juu, Slingsby alishika usukani mwenyewe akairudisha ndege, na akapewa nishani ya Military Medal. Glaida yake ya kwanza, Falcon, iliruka 1931. Alizijenga katika banda la tramu lililokuwa limeachwa, na 1934 akahamia Kirbymoorside. Ndiyo maana glaida zake za miaka ile zimebeba jina Kirby: Kirby Cadet ya 1935, Kirby Tutor ya 1937, na nyinginezo.

Februari 1941, katikati ya vita, serikali ikaunda Air Training Corps, kikosi cha vijana cha kuliandalia jeshi la anga la Uingereza, RAF, marubani na mafundi. Petroli ilikuwa adimu na ndege za injini zilikuwa na kazi kubwa zaidi ya kuwabeba watoto. Glaida haili petroli. Basi Cadet na Tutor zikaingia jeshini kwa majina ya Cadet TX.1 na TX.2, na shule za glaida zikaota nchi nzima.

Sasa nisikilizeni vizuri hapa, hasa nyinyi vijana, maana mkisimuliwa mtadhani ni uongo. Glaida hizo zilikuwa na kiti kimoja. Kimoja tu. Mwanafunzi alijifunza peke yake tangu siku ya kwanza. Alianza kwa kuburutwa ardhini kwa winchi, mashine ya kuvuta kwa waya, taratibu, bila kupaa, akijifunza kuzuia ncha ya bawa isiguse chini. Akiweza hilo, winchi ikaongezwa nguvu kidogo akapaa kimo cha mtu akatua mbele. Kisha kimo cha nyumba. Kisha juu zaidi. Mwisho siku moja akavutwa mpaka juu kabisa, akakata waya, akageuka kushoto mara moja, mara mbili, akauzunguka uwanja na kutua karibu na alipotoka. Cheti cha kwanza, cha daraja A, kilitaka uruke sekunde thelathini. Nusu dakika! Na watu walikitundika ukutani.

Mwalimu alikuwa wapi? Chini. Alisimama kwenye nyasi akipiga kelele, na kijana akishafika futi mia mbili, kelele hizo zilimfaa mwalimu mwenyewe kupunguza hofu yake.

Wako wazee wa rika lililonitangulia wanaoapa kwamba njia ile ndiyo iliyozaa marubani wa kweli, na kwamba sisi tuliokuja baadaye tulidekezwa. Nawaheshimu, lakini siafikiani nao. Mtoto akikosea peke yake angani hajifunzi kosa lake, anajifunza kuogopa. Hajui kama mtikisiko alioupata ulikuwa upepo au mkono wake. Glaida zile zilivunjika sana, na zilibuniwa kwa kujua kwamba zitavunjika: mbao nyepesi, plaiwudi na kitambaa, vitu ambavyo fundi anaweza kuviunga tena. Mifupa ya kijana haiungiki kirahisi namna hiyo. Nadhani walionusurika ndio wanaosimulia.

Kilichobadilisha mambo ni kiti cha pili. Slingsby alirusha glaida yake ya viti viwili, T.21, mwaka 1944, na ile iliyoboreshwa, T.21B, ikaja 1947. Makadeti waliipata kwa jina la Sedbergh. Ni chombo kikubwa: bawa lake ni zaidi ya mita kumi na sita kutoka ncha hadi ncha, na watu wawili wanakaa bega kwa bega mbele ya bawa hilo, vichwa nje, hakuna paa. Sisi tuliiita Barge, yaani tishari, na aliyewahi kusimama bandarini Mombasa au Dar es Salaam akaona tishari likisogezwa anaelewa mara moja. Haina haraka. Haina aibu pia.

Ya pili ilikuwa T.31, iliyoruka 1949. Hapa kiwanda kilifanya ubahili wa busara: kilichukua bawa la Tutor ya kiti kimoja, kikalipachika kwenye mwili mpya wenye viti viwili, kimoja nyuma ya kingine. Jeshi likaiita Cadet TX.3, sisi tukaiita Mark Three, na zaidi ya mia moja zilikabidhiwa makadeti katika miaka ya 1950. Mwalimu alikaa nyuma, chini ya bawa, kazungukwa na mihimili pande zote kama kuku kwenye tenga. Sijui aliona nini. Walimu wangu waliniambia waliendesha kwa kutazama masikio ya mwanafunzi: yakiwa mekundu, anaogopa.

Kwa ubora wa kuruka, Mark Three ilikuwa maskini. Kwa kila mita moja inayoshuka inakwenda mbele mita kama 18. Sedbergh ni kama 21. Glaida ya Viking wanayoruka vijana wa leo ni karibu 36. Kwa hiyo ukivutwa mpaka futi elfu moja kwa Mark Three, na anga limetulia, baada ya dakika nne au tano uko chini, utake usitake. Wengi huona hiyo ni kasoro. Mimi naona ndiyo iliyoifanya mwalimu. Kitu kinachokwenda kilomita sitini na kitu kwa saa, kinachotua kwenye nyasi kwa mwendo wa baiskeli iendayo kasi, kinachokuonya kwa kutetemeka kabla hakijakuangusha, unaweza kumkabidhi mtoto. Kingekuwa bora zaidi, kisingekabidhiwa mtoto.

Mimi nililetwa Uingereza na wazazi wangu kutoka Mombasa nikiwa mdogo, na niliingia kadeti mnamo miaka ya 1970, nilipofikisha umri unaoruhusiwa. Nilipendelea viatu vya sare kuliko ndege, nikisema ukweli. Vilikuwa viatu vizuri. Ilipofika zamu yangu ya kwenda shule ya glaida nikapewa karatasi ya ruhusa ya mzazi. Baba aliisoma kimya. Mama akataka asomewe kwa Kiswahili.

"Injini yake iko wapi?"

"Haina, Mama."

"Na ikitaka kurudi chini?"

"Itarudi tu, Mama. Haina pengine pa kwenda."

Baba alitia saini. Mama aliweka sharti kwamba nile kwanza, na kwa miezi yote ile sikuwahi kwenda uwanjani bila mkate wa sinia au viazi vya jana kwenye mfuko wa koti. Wenzangu wa Kiingereza walikuja kuvijua na kuvidai.

Na chakula kilihitajika, maana watu hawaelewi siku ya glaida ilivyo. Ruko lako ni dakika nne. Kazi ni kutwa nzima. Tulifika uwanjani asubuhi baridi ikiuma, uwanja wenyewe ukiwa mabaki ya kambi ya ndege za mabomu, upepo hauna pa kuzuiliwa. Milango ya banda ilisukumwa na watu kumi. Glaida zilitolewa moja moja, mtu kwenye kila ncha ya bawa, mtu mkiani, na ole wako ukiacha bawa likagusa mlango. Kisha ukaguzi: kila pini, kila kamba ya chuma, kila bawaba. Kwenye ndege za mbao ukaguzi huo hata kadeti wa wiki moja anaufahamu, kwa sababu kila kitu kiko wazi. Unasukuma fimbo ya kuongozea kushoto, unaona waya unasogea, unafuata waya kwa macho, unaona kapi, unaona kibawa kinainuka. Hakuna sanduku lililofungwa ambalo inabidi uliamini.

Halafu winchi. Miaka ya mwanzo shule hizo zilitumia winchi zilizobaki kutoka vitani, zile zilizokuwa zikishusha na kupandisha maputo makubwa ya kuzuia ndege za adui. Winchi inakaa upande wa pili wa uwanja, mbali kiasi kwamba mwendeshaji wake ni nukta. Waya wa chuma unavutwa kutoka kwake mpaka kwenye glaida. Mwendeshaji hakusikii, basi anasoma ishara. Kadeti mmoja anasimama na ubao ulioshikiwa mpini: akiupunga chini, polepole, maana yake kaza waya, akiupunga juu ya kichwa, vuta. Mwingine anashika ncha ya bawa, anakimbia nayo hatua chache mpaka bawa lijitegemee. Mwingine anatazama anga kuhakikisha hakuna ndege nyingine inayokuja. Mwingine anaandika saa ya kupaa na ya kutua. Wengine wanasubiri kukimbilia glaida itakapotua, waigeuze na kuirudisha. Kisha mnabadilishana.

Ndiyo maana nasema swali la "mtoto amejifunza nini" kwa sekunde chache za Grasshopper halijakaa sawa. Alijifunza kutwa nzima. Mtoto wa miaka kumi na minne aliyeshika ubao wa ishara alikuwa na roho za watu wawili mkononi, na alijua. Hakuna mtu mzima aliyemsimamia begani. Akiona kitu kibaya, yeye ndiye anayesimamisha, hata kama aliyeko ndani ya glaida ni afisa mwenye nyota. Nimefanya kazi katika ofisi nyingi baadaye, na sikukutana tena na mpango ambao mdogo kuliko wote ana haki kamili ya kumwambia mkubwa kuliko wote: simama.

Mvuto wenyewe, jamani. Waya unakaza, unatikiswa mara moja, unateleza kwenye nyasi kwa kishindo cha ubao wa chini, na kabla hujamaliza kuvuta pumzi nyasi zimeondoka. Pua inainuka mpaka huoni kitu ila mawingu, na unakaa mgongo chini kama umelala. Upepo unavuma kwenye mihimili. Mwendo wako unaujua kwa sikio: sauti ikipanda, una kasi; sauti ikififia, jihadhari. Mwalimu wangu mmoja alipenda kufunika kipima mwendo kwa glavu yake ili nisikitazame. Juu kabisa unashusha pua, unavuta kirungu cha manjano cha kukata waya, unakivuta tena mara ya pili kwa uhakika, na waya unaanguka na mwavuli wake mdogo.

Halafu utulivu. Si ukimya kamili, maana kitambaa kinaguna na mbao zinalia. Lakini katika glaida isiyo na paa, kwa mwendo ule mdogo, unasikia dunia. Nimesikia mbwa akibweka futi mia nane chini yangu. Katika Sedbergh, kwenye dashibodi, kulikuwa na kipimo nilichokipenda kuliko vyote, kinaitwa Cosim. Ni mirija miwili ya kioo iliyosimama, ndani ya mmoja kuna kipira cha kijani, ndani ya mwingine chekundu. Hewa ikikupandisha, cha kijani kinainuka. Ukishuka, chekundu kinainuka. Basi. Siku nyingi chekundu kilikuwa juu, kimetulia, kinakutazama. Ila siku za kiangazi, ukipita juu ya shamba lililolimwa au mapaa ya kijiji, cha kijani kilirukaruka, na mwalimu aliyechoka akawa mtoto tena. Tuliwatafuta mwewe, kwa sababu mwewe anazunguka pale hewa inapopanda, huku kama ilivyo Mombasa, naye hana sababu ya kudanganya.

Kuhusu waya kukatika sitawaficha. Unakatika. Kwa hakika kuna kiungo kilichofanywa dhaifu kwa makusudi, ili kikatike chenyewe kabla mvuto haujalivunja bawa. Ukikatika umeelekea juu namna ile, mwendo unapotea haraka, na mkono wa binadamu unataka kuvuta fimbo ujiokoe. Hilo ndilo kosa. Pua ishuke kwanza, mara moja, hata kama ardhi iko karibu. Mwendo ukirudi ndipo uamue: uwanja uliobaki mbele unatosha, au nigeuke? Walimu walikata waya wenyewe bila kukuonya, mara kwa mara, mpaka mkono wako ukajua kabla ya kichwa chako. Hukuruhusiwa kwenda peke yako kabla ya hapo.

Na kwenda peke yako kulikuwa na umri wake: miaka 16. Gari nchini hapa unaruhusiwa kuendesha ukiwa na 17. Kwa hiyo kulikuwa na mwaka mzima ambao serikali ilikuamini na ndege lakini haikukuamini na gari la baba yako. Baba alilirudia hilo kwa kila mgeni.

Siku yangu ya kwenda peke yangu ilipofika, mwalimu hakusema kitu. Tulitua, akashuka, akafunga mikanda ya kiti chake kitupu kwa uangalifu, maana mkanda ukiachwa ovyo unaweza kunasa fimbo. Akapiga ubavu wa Sedbergh kwa kiganja na kwenda zake bila kugeuka. Kila aliyeruka Sedbergh atakwambia jambo hilo hilo: bila uzito wa mwalimu inapaa kama imeudhiwa. Nilikuwa kijana mwembamba, nimewekewa na vipande vya madini ya risasi kuongeza uzito, na bado ilinirusha juu kuliko nilivyozoea. Nilitazama kiti cha pembeni mara ngapi sijui. Ukizunguka uwanja mara tatu peke yako na kutua salama, kozi imekwisha, unapewa beji ya mabawa kushonwa kwenye mkono wa sare. Mama aliishona yangu, kisha akaifumua akaishona upya kwa sababu ilipinda.

Kuna kisa kimoja lazima nikitoe, ingawa si cha makadeti, kwa kuwa kinatuhusu. Mwaka 1944, ndani ya ngome ya Colditz huko Ujerumani, maafisa wa Kiingereza waliofungwa walijenga glaida ya watu wawili darini, kwa siri, nyuma ya ukuta wa uongo. Mbao zilitoka kwenye vitanda na sakafu. Kitambaa kilikuwa cha mifuko ya kulalia ya wafungwa, cha mirabaraba ya bluu na nyeupe. Sasa glaida ya kitambaa lazima ipakwe dawa ya kukikaza na kuziba matundu, nao dawa hawakuwa nayo. Walichemsha mtama wa posho ya gereza, wakapaka uji wake. Mmoja wa wakuu wa kazi ile, Jack Best, kabla ya vita alikuwa mkulima Kenya. Ngome ilikombolewa Aprili 1945 kabla hawajairusha. Nakala yake ilijengwa baadaye na ikaruka mwaka 2000. Kila nikiwaza habari hii nasema, kama kuna mtu mle darini aliyejua mambo ya uji wa mtama, basi ni yule aliyetoka Kenya. Ushahidi sina. Ni kiburi tu cha nyumbani.

Glaida zetu za mbao ziliondoka kati ya 1983 na 1986. Zilikuja za plastiki iliyotiwa nyuzi za kioo, kutoka Ujerumani: chache za kiwanda cha Schleicher, zilizoitwa Vanguard, kisha mia moja za kiwanda cha Grob, zilizoitwa Viking. Nyeupe, zinang'aa, zina paa la kioo. Nilinuna kama wenzangu. Lakini mbao huzeeka. Gundi ya zamani ya kasini, inayotokana na maziwa, haipatani na unyevu, na katika glaida nyingine unyevu ukiingia kiungoni hauuoni mpaka ulifungue bawa. Mashimo ya ukaguzi, vioo vidogo, tochi, kitambaa kipya kila baada ya miaka kadhaa. Hiyo ni kazi ya wapenzi, si ya jeshi lenye watoto maelfu wanaosubiri zamu. Na paa la kioo, mwezi Januari, si anasa. Anayesema tulifurahia kugandishwa amesahau. Miaka hiyo hiyo ya 1980 wasichana nao wakaingia kikosini, na binti zenu pale nyuma wana nafasi ambayo dada zangu hawakuwa nayo. Siwezi kuyatamani ya zamani yote kwa pamoja.

Hata za plastiki zina mitihani yake: Aprili 2014 glaida zote za makadeti zilisimamishwa kwa masuala ya matengenezo na kumbukumbu zake, na wako vijana waliopita umri wao wa kadeti bila kuonja.

Za mbao zilipigwa mnada. Nyingi zilichukuliwa na watu wa Vintage Glider Club, chama kilichoundwa 1973, zikatawanyika mpaka bara la Ulaya. Baadhi ya Mark Three zilitiwa injini ndogo ya Volkswagen, jambo ambalo sitalitolea maoni mbele ya wanawake na watoto. Ukitaka kuziona zikiwa zimepangwa vizuri, nenda Gliding Heritage Centre, Lasham, mkoa wa Hampshire. Na mkienda likizo Kenya, Mweiga karibu na Nyeri pamewahi kuwa na klabu ya glaida, ulizieni kama bado ipo. Mlima uko pale, mawingu yako pale.

Nimalizie na lililonileta. Klabu ninayojitolea ina Sedbergh moja, iliyowahi kuwa ya makadeti. Tulipokwangua rangi ya juu tulikuta namba zake za jeshi chini. Bawa la kulia tumelifunika kitambaa kipya majira ya baridi haya, la kushoto bado liko mifupa mitupu, na hapo ndipo naomba msaada. Kazi ya kushona kitambaa kwenye mbavu za bawa ni sindano ndefu, uzi uliotiwa nta, na fundo moja baada ya jingine, mtu mmoja juu na mwingine chini mkipokezana sindano. Wazee wetu wa kiume hawana subira hiyo, nimewajaribu. Kina mama mnaoshona, na vijana wenye macho makali, tunafanya kila Jumamosi kuanzia saa nne asubuhi. Njooni na makoti, banda halina moto. Kahawa tungu nitaleta mimi, na kama kuna atakayepika mkate wa sinia, sitakataa.

Asanteni kwa kunisikiliza. Mwenyekiti, nadhani kuna mkono umeinuliwa kule nyuma.